Msituache Hadi Mengineyo

Kwenye kikao cha baraza letu, mama mmoja aliketi safu ya pili, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Kila ajenda ilipotajwa aliikunjua, akaipitisha macho, akaikunja tena. Alikuja kwa jambo moja tu: njia ya miguu inayotaka kufungwa, ile anayopita kila siku kwenda kumwangalia mzazi wake aliye kitandani. Ilikuwa ajenda ya nne. Wajumbe wakaijadili, wakapiga kura, wakasonga mbele. Tulipofika ya tisa, Mengineyo, pale yanapowekwa mambo yaliyobaki, ndipo mwenyekiti alipotugeukia: "Haya, tuwasikie wananchi." Mama akasimama, akaanza kusoma. Hakufika sentensi ya tatu.

"Mama yangu, hilo tumeshalipitisha."

Akaikunja karatasi yake, akaketi. Nimetoka kwenye kikao hicho juzi na roho bado inaniuma.

Kila mara tunalaumiwa kwamba wananchi hatuhudhurii vikao vya baraza. Mimi nasema mpangilio wa ajenda ndio unaotufukuza. Mtu akisikilizwa baada ya kura, hajasikilizwa. Huo ndio ugomvi wangu, na sitauacha.

Wengi hawajui kwamba haki ya kuingia kikaoni na haki ya kusema ni vitu viwili. Mabaraza mengi yanakuruhusu uketi na usikilize. Kuzungumza ni mpaka mwenyekiti akupe nafasi, na kura ni ya wajumbe peke yao. Hata Uingereza, sheria yao ya 1960 kuhusu vikao vya mabaraza inataka mlango uwe wazi na tangazo libandikwe angalau siku 3 kabla, lakini haimpi mkazi haki ya kufungua mdomo. Kwa hiyo maoni ya wananchi yakiwekwa ya pili au ya tatu kwenye ajenda, una sauti. Yakiwekwa Mengineyo, umekuja kushuhudia tu.

Na isisemwe kwamba mkazi wa kawaida hana la kuongeza. Kule Glarus, Uswisi, raia hukusanyika uwanjani kila mwaka kuamua mambo ya jimbo lao, na yeyote mwenye kura anaweza kupanda jukwaani kupendekeza marekebisho kabla hawajaamua. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilikuja na pendekezo la kupunguza manispaa kutoka 25 hadi 10. Raia mmoja akasimama akasema ziwe 3. Wakapiga kura, na 3 ndizo zilizopita. Mwaka 2011 mpango ukaanza kazi. Fikirieni kama mtu yule angeambiwa asubiri mpaka mwisho wa mkutano.

Porto Alegre, Brazili, tangu 1989 wakazi wakaanza kukaa mitaani mwao kupanga fedha za miradi ziende wapi kabla bajeti haijapitishwa. Tanzania nayo, sheria ya 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Kabla ya kura, siku zote kabla.

Nakubali, shingo upande, kwamba wenyeviti nao wana yao. Tukipewa nafasi, wapo kati yetu wanaoanza na taa ya barabarani wakaishia kwenye ugomvi wa mpaka na jirani, na kikao kinasogea usiku. Basi wekeni dakika 3 kwa kila mtu, na saa iwe mbele ya macho ya wote. Hatutakasirika. Kinachotukasirisha ni kupewa muda wote tunaoutaka wakati hakuna tena cha kuamua.

Sisi nasi tusiende mikono mitupu. Ajenda itafute mapema kwenye ubao wa matangazo au kwa katibu, ujue jambo lako ni la ngapi. Andika barua fupi kabla ya kikao, utaje ajenda unayotaka kuizungumzia, na uombe kusikilizwa kabla haijapigiwa kura. Mkiwa kumi wenye hoja moja, mchagueni mmoja aseme na wengine msimame nyuma yake. Na muhtasari wa kikao kilichopita usiupuuze! Kwenye Yatokanayo, ajenda ya kufuatilia yaliyomo kwenye muhtasari huo, ndipo ahadi za mwezi uliopita hufufuka au huzikwa kimyakimya, na maneno yako yasipoandikwa kwenye muhtasari, kesho hakuna atakayekubali kwamba uliyasema. Uliza kabla hujaondoka: "Katibu, umeniandika?" Nimewahi kuuliza hivyo, katibu akachukua kalamu upya.

Baada ya kikao nilimkuta yule mama nje, amesimama chini ya taa ya mlangoni. Nikamwomba karatasi yake. Mwandiko umetulia, mistari kumi na moja, imeelezwa saa anazopita na umbali wa kuzunguka njia ikifungwa. Hakuna mjumbe aliyeyajua hayo alipoinua mkono.

Nimeiambatanisha na barua kwa katibu yenye maombi mawili: maoni ya wananchi yasogezwe yawe ajenda ya tatu, na suala la njia lirudishwe mezani. Jana amenigongea muhuri wa kupokea. Nakala moja ninayo mimi, nyingine nimempelekea mama.