Mapepo yatolewe, lakini kamera izimwe

Sina ugomvi na mtu anayeamini mapepo. Nairobi hii ukianza kubishana na watu juu ya mapepo utabaki bila majirani. Ugomvi wangu ni na ile kamera.

Kuna ibada moja Kayole niliyohudhuria kwa mwaliko wa jirani. Wakati wa maombezi msichana mmoja aliletwa mbele, na wahudumu wawili wakasimama nyuma yake, leso mkononi. Alipoanguka walimfunika miguu upesi, kwa ustadi wa watu waliozoea kazi hiyo. Nikasema moyoni, hapo sawa. Kumbe kijana wa kamera naye alikuwa kazini. Alipiga goti akamsogelea mpaka usoni, povu na machozi yote yakaonekana kwenye skrini kubwa, na mbashara kwenye Facebook. Yaani miguu ilipata sitara, uso ukaanikwa. Kipande kama hicho hakichelewi kufika TikTok kikiwa kimetiwa muziki wa kuchekesha, na Jumatatu mwenyewe anatakiwa kazini.

Wakatoliki huchekwa kwa urasimu wao, ila katika hili wametuzidi. Kanuni ya 1172 ya sheria yao ya mwaka 1983 inamkataza padri kumpunga mtu pepo bila idhini ya askofu. Kitabu chao cha ibada hiyo, kilichotoka upya mwaka 1999 kuchukua nafasi ya kile cha 1614, kinaonya ibada isigeuzwe maonyesho na kinazuia vyombo vya habari. Tena kinamtaka padri asiwe mwepesi wa kuamini kwamba ni pepo, na pale inapofaa awasikilize wataalamu wa tiba.

Hata hivyo, idhini pekee haitoshi. Anneliese Michel wa Ujerumani alifanyiwa ibada hizo mara 67 kwa ruhusa ya askofu. Alikuwa na kifafa. Alikufa mwaka 1976, akiwa na miaka 23, amekonda kwa njaa, na mwaka 1978 mahakama ikawatia hatiani wazazi wake na mapadri wawili. Kwa hiyo mchungaji anayemwambia muumini aache vidonge vya kifafa kwa sababu "ameshafunguliwa" anacheza na roho ya mtu. Kumwombea mgonjwa na kumpeleka hospitali ya Mathari ni mambo yanayoweza kufanyika wiki moja.

Kinachonitisha zaidi ni yale mahojiano. Mhubiri anamsogezea maikrofoni mtu aliyelala chini: "Sema! Nani amekutuma?" Sauti inajibu: "Nyanyake." Au shangazi, au mke mwenza. Kanisa zima linapiga kelele, na huyo nyanya yuko kijijini anapalilia mahindi, hana habari kwamba ameshitakiwa. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Sisemi waliponzwa na video. Nasema katika nchi yenye historia hiyo, kumtaja bibi wa watu hewani ni uzembe ambao hata polisi wangepaswa kuuangalia.

Wanaotetea kamera hupenda kusema Yesu alitoa pepo hadharani. Ni kweli. Ila wasome Marko 9, habari za yule kijana aliyekuwa akianguka na kutoa povu: Yesu alipoona umati unakuja mbio, ndipo akamkemea pepo. Mimi naisoma kwamba aliharakisha ili mtoto asiwe sinema. Mwenye kusoma vingine aniandikie, lakini asiniambie kwamba umati ulikuwa ukingojwa ujae.

Nilimuuliza mchungaji mmoja, rafiki yangu, kwa nini wasizime tu. Akanijibu kwamba video ni ushuhuda na inaleta watu. Je, msichana aliulizwa? "Wakati ule hakuwa yeye, ndugu yangu. Ni pepo aliyekuwa akiongea." Basi ruhusa ya kurusha ule uso ilitolewa na nani?

Ushuhuda sina neno nao. Mngojeni ainuke, anywe maji, atafute kiatu kilichomtoka, arudi nyumbani alale. Wiki ijayo mwulizeni kama angependa kusimulia yaliyompata, kwa kinywa chake, akiwa amevaa anavyotaka. Akikataa, futeni.