Usisubiri kiatu kilegee

"Kivae tu, kitalegea." Nimeambiwa hivyo na wauzaji kadhaa wa viatu, na kwa miaka mingi niliamini. Jozi moja nyeusi iliyochongoka mbele niliivaa kazini karibu mwaka mzima nikingoja ilegee. Kilichobadilika ni mguu wangu: sugu juu ya kidole cha mwisho, na ukucha wa kidole gumba ukaanza kuchimba nyama.

Siku hizi msimamo wangu ni mmoja. Kiatu kinachobana dukani kinarudi rafuni, hata kiwe kizuri namna gani. Ngozi laini hutanuka kidogo ubavuni, ndiyo, lakini haiongezeki urefu. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kushuka chini, una mifupa 26, na 14 kati ya hiyo imo vidoleni, pale pale kiatu kilichochongoka kinapominya.

Nenda kununua alasiri au jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Vaa vyote viwili, usimame, utembee. Watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake, basi fuata huo mkubwa. Mbele ya kidole kirefu zaidi (kwa wengine ni cha pili, si gumba) ibaki nafasi ya sentimita moja hivi. Na usiing'ang'anie namba uliyovaa ujanani: miguu hutanuka kwa umri, na kwa wanawake wengi hata kwa ujauzito.

Mimi huenda na karatasi. Nasimama juu yake nyumbani, nachora mguu, nakata, kisha dukani naisukuma ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, sina haja ya kujaribu. Wauzaji wengine hunishangaa, sijali.

Nyumbani kazi ni ndogo: kausha vizuri katikati ya vidole ili fangasi wasipate unyevu, na kata kucha kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembeni.

Ila mwenye kisukari namwomba asiishie hapo. Ugonjwa huu unaweza kuua hisia za miguuni, mtu akatembea kutwa na kokoto ndani ya kiatu asijue. Kwake, kiatu kutouma si dalili kwamba kinamtosha, na ndiyo maana neno "kitalegea" linaniudhi zaidi anapoambiwa yeye. Aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Kila jioni aangalie nyayo zake, kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani, na akiona lengelenge au kidonda, hata kidogo kisichouma, aende kituo cha afya mapema badala ya kungoja kipone chenyewe.