Nanaa ya Ayurveda: ni ya baridi au ya moto?

Waulize waganga wawili wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kama nanaa ni ya baridi au ya moto, na huenda ukapata majibu mawili. Vitabu vingi vya dawa vya India vinaiweka upande wa moto: kali, nyepesi, inakausha, inatuliza vata na kapha, mbili kati ya nguvu tatu ambazo Ayurveda inasema zinauongoza mwili. Waandishi wengi walioipeleka elimu hiyo Marekani na Ulaya wanasema ni ya baridi, tena inafaa pale nguvu ya tatu, pitta, ile ya joto na asidi, inapozidi mwilini. Kwa hiyo mwenye kiungulia anaweza kukatazwa nanaa na mmoja, akamiminiwa kikombe na mwingine.

Wapinzani wa Ayurveda huishia hapo: elimu gani hiyo isiyojua moto na baridi? Wanakimbilia hukumu. Ulimi wetu wenyewe unadanganyika. Mentholi iliyomo kwenye pepamenti, aina mojawapo ya nanaa, haishushi joto la mwili. Inakiamsha tu kipokezi cha neva kiitwacho TRPM8, kilekile kinachohisi baridi. Ugunduzi huo ni sehemu ya kazi iliyowapa David Julius na Ardem Patapoutian tuzo ya Nobel mwaka 2021. Zaidi ya hapo, mafuta ya pepamenti hulegeza misuli laini, ukiwemo ule unaozuia asidi ya tumbo isipande kooni. Kwenye kiungulia, basi, ningewasikiliza wa moto.

Upande wa tumbo ndipo watetezi wana hoja nzito. Mwaka 2021 Chama cha Marekani cha madaktari wa mfumo wa chakula kilipendekeza pepamenti kwa wenye utumbo unaosumbua mara kwa mara, ingawa kilikiri kwamba ushahidi si imara. Jaribio la Uholanzi la mwaka mmoja kabla halikufikia lengo lake kuu, japo baadhi ya dalili zilipungua. Si haba, lakini kilichopimwa ni mafuta ya pepamenti ndani ya vidonge. Pudina, yaani nanaa ya jikoni India, kwa kawaida ni nanaa nyingine, Mentha spicata, ambayo harufu yake hutokana zaidi na kavoni, na mentholi yake ni kidogo mno. Anayenadi chai ya majani kwa kutumia majibu ya vidonge anauza mmea mmoja kwa sifa za mwenzake. Na hao wanaodai nanaa “husafisha damu” hata hapo hawajafika.

Matumizi ya nyumbani yenyewe sina ugomvi nayo. Chaas, kwa mfano: mtindi unapigwa na maji hadi uwe mwepesi, kisha bizari nyembamba iliyokaangwa ikanukia, chumvi, na majani ya nanaa yaliyopondwa. Hunywewa na chakula au baada yake, hasa wakati wa joto. Au chatne ya nanaa, giligilani, pilipili mbichi na ndimu, ambayo mlaji wa bajia wa Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Kama tumbo linatulia kwa sababu ya nanaa, bizari, mtindi au kwa kula taratibu, hakuna anayeweza kuvitenganisha kwenye glasi moja, na mpishi hana haja ya kufanya hivyo.

Mafuta ya chupa ni habari nyingine. Huko Barabanki, jimbo la Uttar Pradesh, India, wakulima hulima nanaa ya tatu, Mentha arvensis, na kuikamua kwa mvuke ili kupata mentholi ya dawa za kuchua na za meno. Nguvu iliyokusanywa kutoka kwenye mzigo mzima wa majani haipimwi kwa kijiko cha chai. Usiyanywe mafuta hayo, na usimpake mtoto mchanga puani au usoni hata akiwa na mafua makali: mentholi inaweza kumbana pumzi.