Mkono Ukishashuka, Farasi Ndiye Anayeamua

Ukitaja michezo ya farasi ya Magharibi mwa Marekani, wengi huwaza rodeo: mtu karushwa hewani, fahali kachachamaa, vumbi kila mahali. Rodeo ina wapenzi wake na sina ugomvi nao. Lakini mchezo ulioniteka mimi tangu nihamie Fort Worth, Texas, na ambao naona unazidi kuvuta watu wasiokuwa na farasi wala ranchi, ni katingi.

Mfugaji yeyote wa kwetu angeuelewa bila kufafanuliwa. Upande mmoja wa uwanja limesimama kundi la ng'ombe wachanga. Mpanda farasi anaingia katikati yao taratibu, anamtenga mmoja na kumtoa mbele. Yule ng'ombe akishagundua yuko peke yake, hana haja nyingine ila kurudi kwa wenzake. Hapo ndipo mpandaji anaposhusha mkono wenye hatamu mpaka shingoni mwa farasi na kuuacha hapohapo. Kuanzia dakika hiyo haongozi tena. Farasi anajishusha mbele, kifua karibu kiguse mchanga, masikio yamemwelekea ng'ombe. Huyu akikimbilia kushoto, yule yupo kushoto. Huyu akigeuka ghafla, yule keshageuka. Yote hayo ndani ya dakika 2 na nusu, na kwa kawaida hutengwa ng'ombe wawili au watatu. Mpandaji akionekana kumwelekeza farasi kwa hatamu anakatwa alama. Ng'ombe akimponyoka na kurudi kundini, zinakatwa 5.

Nimekulia kwenye boma lenye ng'ombe. Siku ya chanjo sisi watoto ndio tuliotumwa kumtenga mtamba mkaidi, fimbo mkononi, miguu peku. Jambo la kwanza unalojifunza ni kutazama jicho na sikio, kwa sababu ng'ombe hutazama anakotaka kwenda kabla mwili haujaenda. Kumwona farasi akisoma jicho lilelile, akiwahi kabla ya mguu kunyanyuka, kulinifanya nisimame kitini mara ya kwanza, na mpaka leo bado hunisimamisha.

Huu si mchezo uliobuniwa ofisini. Kwenye ranchi ilibidi ng'ombe wa kuuzwa, wa kutibiwa au wa kutiwa chapa atolewe kundini bila kuwatawanya wengine, na farasi hodari wa kazi hiyo aliheshimiwa kuliko wote. Ustadi wenyewe ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko, ambao nao waliurithi kwa Wahispania. Chama cha Marekani cha katingi, NCHA, kilianzishwa mwaka 1946. Miaka 6 kabla yake, hapahapa Fort Worth, kilikuwa kimeanzishwa chama cha wafugaji wa American Quarter Horse, farasi mfupi mwenye misuli ya nyuma iliyojaa, aliyepewa jina kwa kasi yake katika robo maili. Damu hiyo ndiyo iliyotawala viwanja hivi.

Ndugu yake katingi ni reiningi, ambao hauna ng'ombe kabisa. Farasi anazunguka duara kwa kasi, anajizungusha kama pia mahali pamoja, kisha anakuja mbio na kusimama kwa kuteleza: miguu ya nyuma, yenye viatu vya chuma bapa, inaburura mchanga huku ya mbele ikiendelea kutembea. Kila mshiriki huanza na alama 70, na majaji huongeza au kupunguza kwa kila tendo. Mwaka 2006 mpandaji Mmarekani Stacy Westfall alifanya yote hayo juu ya jike mweusi aitwaye Roxy, bila tandiko, bila lijamu, bila hatamu, kwa kumkumbuka baba yake aliyekuwa amefariki wiki chache nyuma. Video yake imetazamwa na watu wasio na idadi, na nina hakika imeleta wapenzi wengi kuliko tangazo lolote. Huko Ulaya, Italia na Ujerumani wameupokea reiningi kwa moyo wote. Andrea Fappani, mmoja wa waliovuna fedha nyingi zaidi katika mchezo huu, ni Mwitalia aliyehamia Marekani.

Kwa sisi Waafrika tunaoishi huku kuna jambo la ziada. Wakati wa utumwa na baada yake, weusi walikuwa sehemu kubwa ya wachungaji wa Texas. Wanahistoria hukadiria kwamba takriban kauboi mmoja kati ya kila wanne alikuwa mweusi. Sanamu ya Bill Pickett, mweusi aliyeanzisha mtindo wa kumwangusha fahali kwa kumrukia kutoka juu ya farasi, ipo kwenye mtaa wa Stockyards hapa Fort Worth. Wapeleke watoto wakaione.

Sasa niseme linaloniuma. Shindano kubwa kuliko yote la katingi, Futurity, linalofanyika Fort Worth kila mwisho wa mwaka, ni la farasi wa miaka 3. Reiningi nao una Futurity yake ya umri huohuo. Ili farasi awe tayari kwa miaka 3, huanza kupandwa akiwa na miaka 2, ilhali mifupa ya uti wa mgongo haijakomaa mpaka karibu miaka 5 au 6. Wakufunzi hujibu kwamba mazoezi ya kiasi huimarisha mfupa mchanga, na zipo tafiti zinazowaunga mkono. Lakini kiasi ndicho kitu cha kwanza kusahaulika pale zawadi inapofika mamia ya maelfu ya dola. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lililoupokea reiningi mwaka 2000, lilivunja ushirikiano wake na vyama vya Marekani mwaka 2018, na umri wa farasi ulikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 2021 likauondoa mchezo huo kabisa katika orodha yake.

Wapo waliosema afadhali, sisi hatuwahitaji. Sikubaliani nao. Watu wapya wanaojaa viwanjani wamevutwa na farasi anayefanya kazi kwa akili na kwa hiari, na watu haohao wataondoka siku watakapojua kwamba yule waliyemshangilia mwaka juzi leo hawezi hata kupanda mwinuko bila sindano kwenye kiungo. Dawa yake haihitaji kubuni kitu. NCHA tayari ina Super Stakes kwa farasi wa miaka 4, na yapo mashindano ya wa miaka 5 na 6. Fungu nono la Futurity lihamishiwe huko. Wafugaji watalalamika kwa msimu mmoja au miwili kwa sababu ya gharama ya kumlisha farasi mwaka mzima zaidi, kisha watapanga hesabu zao upya, kwa kuwa siku zote huzalisha na kufundisha kwa kufuata mahali fedha ilipo.