Mchawi, Hujambo?

Leo asubuhi nimekaa siti ya watu wawili peke yangu. Kwenye daladala. Saa kumi na mbili na nusu, Mbagala kwenda Kariakoo. Anayepanda daladala saa hizo anajua nimesema neno zito. Watu wananing'inia mlangoni, konda anapiga bati na kuapa kwamba nyuma kweupe, na pembeni yangu siti iko tupu, hakuna anayeitaka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliitazama siti, akanitazama mimi, akaona bora asimame.

Kisa ni bibi mmoja. Anakaa kibarazani karibu na kituo, na kumpita bila kumwamkia siwezi, nitaulizwa nimelelewa na nani. Nikasema shikamoo bibi. Badala ya kuniitikia marahaba, akapaza sauti kituo kizima kisikie: "Mchawi wangu, hujambo? Ile elfu kumi yangu inarudi lini?"

Jamani, mimi si mchawi. Mimi ni mtu wa mazingaombwe. Ukitaka heshima yake kamili sema kiinimacho, maana ni fani, ina vitabu vyake na wakubwa wake. Nilipopunguzwa kazi, wenzangu walikopa bodaboda, wengine wakafuga kuku wa kisasa, wakawazika. Mimi nikakumbuka darasa la nne, siku alipokuja jamaa wa mazingaombwe shuleni akavuta mdomoni mwake riboni ndefu kama anatapika bendera, na mwalimu mkuu, ambaye hatukuwahi kumwona akishangaa chochote isipokuwa matokeo yetu ya hesabu, akabaki mdomo wazi. Nikajiambia, anayemfungua mdomo mwalimu mkuu bila kumgusa hawezi kukosa ugali.

Nimejifunzia kwenye simu, usiku, mke amelala. Bando nalo lina tabia zake, linakata mwalimu anapofika penyewe. Kwa hiyo viinimacho vingi najua kupoteza. Kurudisha sijafika.

Kimoja tu nilikimaliza, cha kidole gumba. Wenzangu kwenye fani watanilaani kwa kutoa siri, lakini siri yenyewe imeshaondoka na jogoo, nitakavyoeleza. Unakuwa na kidole gumba cha plastiki, kitupu ndani, unakivika juu ya kidole chako, kile unachotaka kipotee unakisokomeza humo. Basi. Changu niliagiza kutoka ng'ambo. Kikaja cha Mzungu. Kimeiva rangi ya waridi kama kimetoka kuungua jua, na mimi mnaniona nilivyo. Nikakipaka dawa ya viatu, kahawia, tabaka tatu. Ukikitazama kwa mbali, jioni, bila nia mbaya, kinafanana.

Mjumbe akanipa kazi yangu ya kwanza: tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, niwachangamshe wazee wa mtaa chini ya mwembe wake. Malipo ni pilau na nauli. Baadaye akakumbuka kwamba naishi nyumba ya tatu kutoka kwake, nauli akaifuta.

Wazee walikuwa thelathini na kitu. Shikamoo peke yake ilikula robo saa, maana huwezi kuwatupia shikamoo ya jumla kama unarusha mchele, na kila mmoja anataka kujua wewe ni wa nani, na yule babu yako mwenye kengeza alikufa kweli? Jasho likaanza kunitoka. Dawa ya viatu nayo ikaanza kulainika. Kuna Mfaransa mmoja, Robert-Houdin, mwaka 1856 serikali yake ilimpeleka Algeria akawatishe wenyeji kwa kiinimacho ili wasiwaamini tena walii wao. Alikuwa na kisanduku chepesi, akiamua tu, mwanamume mwenye misuli yake anashindwa kukinyanyua. Kumbe chini kuna sumaku ya umeme. Nilipokuwa naamkia mzee wa ishirini nilimfikiria sana Houdin. Yeye alikuwa na sumaku na jeshi zima nyuma yake. Mimi nilikuwa na mjumbe, na spika inayokoroma.

Nilianza na karata. Nikamwambia babu mmoja achukue moja, aitazame, asinionyeshe. Akaitazama. "Uru saba," akasema. "Na ree ya shupaza umeikalia." Karata nikazirudisha mfukoni.

Nikaingia kwenye kidole. Nikaomba noti. Kimya. Mjumbe akajifanya anapokea simu. Ndipo bibi huyuhuyu wa kituoni akafungua pindo la khanga, fundo la kwanza, fundo la pili, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa ndogo kama hirizi, ina doa la binzari na harufu ya ubani. Akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto kwa mkunga. Nikaikunja zaidi, nikaisokomeza, nikapuliza, nikafungua viganja. Hamna kitu.

Hawakushtuka. Hata kope.

Sasa fani inafundisha hivi: watazamaji huangalia unakoangalia wewe. Ukitaka wasiuone mkono wa kulia, utazame wa kushoto kwa mapenzi. Aliyeandika hivyo hakuwahi kukutana na wazee wa Mbagala. Nusu wana mtoto wa jicho, macho yangu hawayaoni, watayafuata vipi? Nusu iliyobaki inaangalia sufuria ya pilau. Mzee mmoja alikuwa anatazama viatu vyangu tangu nifike, sijui vilimkosea nini.

"Kasemaje?" akauliza wa nyuma.

"Noti imepotea!"

"Mtoto?"

"NOTI, BABU! IMEPOTEA!"

"Mtoto kapotea," akamwambia mwenzake, na huyo akampa mwenzake, mpaka habari ikafika barabarani. Dakika mbili hazikuisha, bodaboda watatu wamesimama, injini zinaunguruma, wanauliza amevaa nguo gani. Nikawaeleza. Mmoja hakuridhika, akaenda kumtafuta hivyohivyo.

Ndipo mzee mmoja wa mbele, aliyekuwa mtu wa reli enzi za Jumuiya, akaegemea bakora yake akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko kofi: "Mjukuu wangu. Mwaka 1977 mimi niko kazini, nimevaa sare, Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki ikapotea. Reli, ndege, posta. Mbele ya macho yangu. Wewe unaniletea noti?" Bibi wa pembeni akadakia: "Na sabuni, 1983! Ilipotea nchi nzima, wala hakukuwa na mtu wa kupuliza." Wakacheka wao kwa wao. "Tena sisi ndio tunaoitwa wachawi," akasema mwingine, "macho yakishakuwa mekundu tu. Kijana kaja kutufundisha kazi."

Niseme ukweli, hapo nilitamani kulia. Mnajua mtu anavyofanya mazoezi miezi mitano mbele ya kioo cha kabati, mke anapita na ndoo, anaguna? Mnajua? Halafu unaambiwa umepitwa na Jumuiya.

Nikanyoosha mikono niombe radhi, na hapo ndipo nesi mstaafu, aliyekuwa siti ya mbele na miwani yake yenye kamba, alipokiona kidole. Jasho lilikuwa limeng'oa dawa ya viatu mabaka mabaka, waridi inachungulia.

"Mwanangu, hiki kidole kina siku ngapi?"

Nikasema ni kizima.

"Kimeoza hiki." Akanikamata kifundo. Manesi wale wamewafunga vidonda na kuwageuza vitandani watu wazima miaka thelathini, huwaponyoki. Mzee wa viatu kwa mara ya kwanza akainua macho. Mmoja akasema nikioshe kwa mwarobaini, mwingine maji ya chumvi, mwingine akasema hapo ni kukata tu. Nesi akakibonyeza, akakivuta aone usaha.

Kikatoka chote.

Mayowe niliyoyasikia siku ile sijayasikia hata kwenye mpira. Nesi mwenyewe, pamoja na miaka yake yote ya wodini, alikirusha kidole hewani, kikatua karibu na sufuria, na jogoo wa mjumbe, ambaye alikuwa anazungukazunguka pale akisubiri punje za mchele, akakidaka. Akatimka nacho. Kuku mnawajua, mmoja akikimbia na kitu, wote wanaamini ni cha maana. Vifaranga, mitetea, bata wa jirani, wote nyuma yake, nami nyuma yao nikipiga kelele "elfu kumi! elfu kumi!" na mzee wa reli anarusha bakora. Jogoo akapanda ukuta, akanitazama mara moja, akashukia upande wa pili.

Nilipogeuka, wazee walikuwa wamesimama. Hata asiyesimama kwa kawaida. Wanapiga makofi. Nesi amenishika mkono anahesabu vidole, vitano, anahesabu tena, vitano, machozi ya kicheko yanamtoka. Mjumbe akaja kuninong'oneza: "Kumbe na jogoo ulishapanga naye?"

Nami nikainama kidogo, kama bwana.

Kosa langu ndilo hilo, kuinama. Maana bibi alikaa, akatengeneza khanga yake, akasema, "Haya. Sasa irudishe."

Nilimpelekea noti nyingine siku ya pili. Akainusa, akanirudishia. Yake ina ubani. Nikamtumia kwa simu, makato nikayabeba mimi, mjukuu wake akairudisha na makato tena. Anasema hadai pesa, anasubiri sehemu ya pili. Nimechokoa uwanja wote wa mjumbe kwa kijiti, nyuma ya choo, juu ya paa la jirani, mpaka mke wangu akauliza nimeanza kuzika nini. Nikaomba kumnunua jogoo, angalau nimchinje roho itulie. Mjumbe kataja elfu sitini. Ati sasa ni msanii.

Na shemeji naye, niko dukani kwake Kariakoo tangu kazi iishe, habari zimemfikia. Siku hizi droo ya pesa anafungua mwenyewe. Jana jioni hesabu imepungua mia tano, duka zima wakanitazama vidole. Nimewaambia mia tano ni sarafu, na sarafu mimi sijafika. Bando liliishia kwenye leso.