Ati Kwetu Kuna Harusi?

Jamani nianze na mafua, maana bila mafua yale haya yote hayangetokea. Wiki nzima pua zilikuwa zimeziba zote mbili, si unajua mwezi wa 7 hapa Lamu kusi inavyopiga, usiku unajifunika shuka mbili na asubuhi unaamka na sauti ya chura. Ungeniwekea puani karafuu na mavi ya punda nisingekwambia kipi ni kipi. Hilo liweke akilini.

Basi Jumamosi mke wangu katoka mapema kwenda kwao mtaa wa Langoni, kuna mpwa wake anaolewa Ijumaa inayofuata na wanawake wote wa ukoo wako huko wanashona wanapika wanacheka, mwanamume hata kuchungulia huruhusiwi. Mimi nikaachiwa kazi: bomba la choo linavuja, pazia zipelekwe kwa fundi, gesi imekwisha, na mtoto nibaki naye. Na juu yake shemeji yangu anakuja na basi la Mombasa, alasiri atakuwa kashavuka maji yuko hapa. Mke wangu akasema nitamwagizia biriani mahali. Nikamwambia biriani ya nini, shemeji nitamchomea samaki mwenyewe, kiwandani hapa, yaani hapa uani, kwa mikono yangu hii. Akanitazama, akavaa buibui lake, akatoka. Mke wa Kiamu akinyamaza hivyo bora angenitukana.

Bomba nikalifunga kamba (bado linavuja, tusiende huko). Fundi pazia nikakuta kafunga. Gesi dukani nikaambiwa boti haijaleta, njoo kesho. Sawa, makaa yapo, na samaki wa makaa ndiye samaki.

Sokoni pale kando ya Ngome samaki walikuwa wa kuhesabu, kusi ikichafua bahari wavuvi wengi hawatoki nje, na wanaotoka wanajua kujilipa. Nikapata kolekole mmoja wa kilo tatu na nusu, jicho linang'aa, ukimfunua shavu ndani jekundu kabisa. 600 kilo, hesabu 2,100, nikalia nikaapa nikajifanya naondoka, yule bwana hakushusha hata shilingi. Nikamtia kikapuni, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 mimi na kikapu cha mke wangu tumekuwa mtu na ndugu yake, mkia ukawa umetokeza nje, nikapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kutoka mwanzo hadi mwisho ingawa nyumbani kuna njia ya mkato. Watu wauone.

Makaa nikanunua gunia zima na nikakodi punda. Kijana mwenye punda akalitia gunia kwenye shogi, akampiga kofi la matako akasema mwache aende, anajua njia. Nikamuuliza anajua njia ya kwangu? Akasema huyu anajua njia zote za mji huu kuliko wewe. Wallahi alikuwa anajua njia, ila moja tu, ile anayopita kila siku kubeba mchanga wa majahazi. Tulipomfikia pwani yuko ndani ya maji mpaka tumboni, na siku hiyo ni bamvua maji yamejaa hadi ngazini, ametulia kimya masikio yamelala, anangoja apakiwe. Mfanyakazi hodari sijapata kuona. Nusu ya gunia langu ilikuwa baharini. Kijana akanipunguzia 50.

Sasa saa tisa. Samaki nimeshampara, nimemchanja chanjo nne kila upande, nimemkanda kwa thomu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, hapo kwenye samaki sina mzaha na sitaki mtu aniambie kitu. Seredani iko katikati ya kiwanda. Makaa ya juu nikadhani ni makavu, kumbe nayo yameshanyonya. Nikapepea. Yanalia tssss tssss yanazima. Nikapepea na kipepeo, nikapepea na sahani, nikapuliza mpaka nikaona nyota, na kupuliza kwa mafua unajua mwenyewe kinachotoka. Makumbi ya nazi hakuna, vifuu hakuna, mke wangu alifagia juzi. Nikamwita mwanangu, yuko darasa la tatu, yuko ndani na simu yangu. "Mama anaweka wapi vile vijiti vya kuchoma?" Bila kuinua macho akasema, "Kidakani chumbani kwake, kwenye kopo la maziwa."

Nikaenda, kopo lipo, limefungwa vizuri na kitambaa juu. Nikafungua, vijiti vidogo vidogo vyeusi vyeusi, vinanata. Nikafurahi kweli, nikasema hizi kuni zina utomvu, kuni yenye utomvu hushika haraka. Mtu mzima, nimezaliwa Lamu, nimelelewa na bibi.

Gao la kwanza nikatupa. Moto! Vikachemka vikatoa povu, vikashika, makaa nayo yakaanza kuona haya yakashika. Moshi mweupe mzito ukapanda. Nikambana kolekole kwenye wavu nikamweka juu, na kila moto ukilegea naongeza gao lingine. Mara ya nne hivi mwanangu akaja mlangoni akasema, "Baba, kunanukia uzuri." Nikamwambia ndiyo mwanangu, baba yako anajua kupika.

Njia zetu si unazijua, UNESCO waliupa mji huu heshima ya urithi wa dunia 2001 lakini upana wa njia umebaki ni wa punda mmoja na shogi lake, moshi ukiingia humo hauna pa kwenda ila kwenye nyumba za watu. Wa kwanza alikuwa jirani yetu ambaye chumba chake kiko kwenye wikio, juu ya njia. Akafungua dirisha akapiga kigelegele. Nikasema labda kapata habari njema kwao. Kigelegele kikajibiwa nyumba ya pili, kikajibiwa ya tatu. Watoto wakaanza kuja, wanajipanga ukutani, mmoja ameshanawa mikono. Kisha mama mmoja akapenyeza kichwa mlangoni, "Yeo kuna arusi kwenu? Mbona hamkutwambia?" Nikacheka nikasema hapana bi, ni samaki tu. Akanitazama kama mtu anayefichwa kitu, akaondoka kanuna.

Mzee anayekaa daka la jirani kutwa nzima na singlendi yake, huyo alinyanyuka akaenda kwake, akarudi na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya vito, na bakora. Akasalimu, akaingia, akatandaza leso akakaa. Nikamuuliza salama mzee? Akasema salama, nangoja wenzangu. Nikajua ni uzee.

Shemeji akafika kutoka jeti ya boti na begi lake. Badala ya kunipa mkono akasimama akavuta pumzi, akavuta tena, macho yakamtoka. "Shemeji," akasema polepole kama anaongea na mgonjwa, "umeoa?"

Sijamjibu, mlango umefunguka. Mamavyaa mbele, mke wangu nyuma, na nyuma yao wanawake wanne na mikono yao ya hina mibichi wameinyoosha mbele hawataki kugusa kitu. Kumbe huko Langoni simu zimepigwa, hongera, mbona harusi mmeiharakisha, na mbona mmeihamishia kwa mkwe. Mamavyaa hakuangalia mtu. Aliangalia seredani, akaangalia kopo limelala ubavuni na vijiti sita vimebaki ndani, akakaa chini.

"Udi wa bi harusi," akasema.

Siku tatu aliupika. Udi wenyewe ulitoka Dubai na mtu wa kuaminika, akaupika na sukari na marashi ya mawaridi na mafuta mengine ambayo majina yake alinitajia moja moja pale, kila moja na bei yake, kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo iliyoniua. Nikasema mama nisamehe nina mafua. Mke wangu akamgeukia mtoto, mtoto akasema, "Si baba aliuliza vijiti vya kuchoma? Udi si unachomwa?" Kiswahili sanifu kabisa, sina la kumjibu.

Kolekole tulimpakua. Kwa macho alikuwa mzuri, rangi ya dhahabu. Shemeji akala tonge moja akasema ni kama kumbusu shangazi siku ya Idi. Paka, na paka wa Lamu mnawajua hawana dini kwenye samaki, mmoja alishuka ukutani akanusa kipande, akapiga chafya mbili, akapanda ukuta akaenda zake. Aliyekula kwa raha ni yule mzee wa kanzu peke yake, alikula kichwa chote, akamshukuru Mungu, akauliza bwana harusi anatoka ukoo gani.

Mimi sikuonja kitu, ulimi ulikuwa kama ubao. Biriani ililetwa saa mbili usiku, sijui nani aliagiza na sikuuliza. Jumapili na Jumatatu nilikaa Langoni nikikoroga sufuria la udi mpya, mamavyaa amekaa kitini nyuma yangu na mwiko wa akiba.

Jumanne asubuhi mafua yakaniachia ghafla. Nikafungua friji nitafute maziwa ya chai, na kile kipande cha mkia bado kimo, kwenye bakuli, kimefunikwa sahani. Nikainua sahani. Nikasimama pale na mlango wa friji wazi, nikanusa, na nusura nipige kigelegele.