Kadi hufutwa, kanda hukaa: kurekodi ngoma na masimulizi ya Kusini

Kati ya kanda ya sumaku na diski, yaani hifadhi ya dijitali kama kadi ya kumbukumbu, ipi bora? Katika kurekodi, diski imeshinda na hakuna sababu ya kurudi nyuma. Mpiga video wa harusi mjini Mtwara au Lindi leo huweka kadi, si kaseti, na anafanya sawa. Ubishi uliobaki ni wa kuhifadhi. Kanda ilifanya kazi mbili kwa gharama moja: ikirekodi, tayari imehifadhi. Iliandikwa jina, ikawekwa kabatini, na kesho yake ikanunuliwa nyingine. Kadi hurekodi tu. Kesho kuna harusi nyingine, kwa hiyo inafutwa. Kuhifadhi kumekuwa kazi ya pili, yenye gharama yake, na kwenye makadirio mengi ya kurekodi ngoma au masimulizi ya wazee gharama hiyo haimo kabisa.

Faida za diski ni kubwa, zisipuuzwe. Kanda ya MiniDV, ile kaseti ndogo ya kamera za video, ya dakika 60 huchukua saa nzima kuingia kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, kwa sababu husomwa kwa mwendo uleule iliorekodiwa. Data hiyo ni GB 13 hivi. Ikiwa kwenye kadi, dakika 7 au 8 zinatosha hata kwa USB ya kizamani. Kadi ya GB 64 hushika zaidi ya saa 5 za picha ya HD kamili kwa megabiti 25 kwa sekunde. Kwenye ngoma inayokesha, hakuna tena kubadilisha kanda gizani huku sehemu muhimu ikipita. Hewa ya pwani nayo iko upande wa kadi: kamera ya kanda ikitolewa chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, Mikindani kwa mfano, umande hutua kwenye vichwa vya kusomea, ikagoma mpaka ikauke.

Hoja nzito ya kanda iko kwenye namna ya kuharibika. Kanda ikichafuka au ikikunjika, zinapotea sekunde chache na iliyobaki inaonekana. Ya kaseti ikikatika, fundi huiunga. Faili halina huruma hiyo. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwishoni, wakati wa kusimamisha kurekodi. Umeme ukikatika, au kadi ikichomolewa taa bado inamweka, picha za saa mbili zimo ndani lakini hakuna programu inayojua zinaanzia wapi. Likitokea hilo, usirekodi chochote tena kwenye kadi hiyo. Programu iitwayo untrunc mara nyingi hujenga upya faharasa ikipewa faili zima lililorekodiwa na kamera ileile kwa mpangilio uleule. Anayerekodi kwa laptopu kupitia programu ya OBS achague faili la aina ya MKV, ambayo husomeka hadi pale umeme ulipokatika, kisha aigeuze kuwa MP4 bila kupoteza ubora. Na laptopu iwe na betri nzima. Laptopu inayoishi kwa adapta tu ni hatari kuliko kaseti yoyote.

Kwenye sauti watu wengi huumia bila kujua sababu. Kaseti ikizidiwa na mlio wa ngoma hukwaruza taratibu, na sikio linavumilia. Dijitali ikifika desibeli sifuri, ndicho kikomo chake cha juu, kilele cha mlio kinakatwa tambarare na hakirudi tena. Sindimba ina milipuko mikali inayokuja ghafla, hivyo weka kiwango ili vilele vicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na jaribu wakati wapigaji wamechangamka, si wanapopasha ngoma moto. Rekodi kwa biti 24, si 16 (biti ni kipimo cha undani wa sauti), ili ukipandisha sauti baadaye usipandishe na mvumo. Faili la sauti la WAV la kawaida lina kikomo cha GB 4, yaani saa 4 na kidogo kwa stereo ya biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Kinasa kizuri hukata na kuanza faili jingine chenyewe, lakini hakikisha kabla ya kesha.

Tena kuna kadi bandia. Imeandikwa GB 128, ndani ina 16, na haikuambii. Inaendelea kupokea, na kinachozidi hakihifadhiwi au kinafuta cha mwanzo. Kila kadi mpya ijaribiwe kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac, programu zinazoijaza kadi yote kisha kuisoma. Inachukua muda, ila ifanye siku ya kununua, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Sasa kuhifadhi kwenyewe. Diski ya kuzunguka haipendi mtikisiko, kwa hiyo isikae juu ya spika wala jukwaani ikiwa inafanya kazi. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, inavumilia mtikisiko, lakini ikiachwa kabatini bila umeme muda mrefu hupoteza chaji iliyobeba data, na joto huharakisha. Kiwango cha chini kinachofaa ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mji mwingine: moja Newala, moja Masasi, kwa mfano. Wanaosema "tupandishe kwenye wingu" wapige hesabu kwanza: saa moja ya HD ni GB 11, na kwa megabiti 2 kwa sekunde ni zaidi ya saa 12 za kupandisha, bando likitoka mfukoni. Kwa sauti inawezekana. Kwa video, diski ikasafirishwe kwa basi.

Lipo jambo jingine ambalo kanda ililifanya vizuri bila kukusudia. Kaseti ilikuwa moja, mikononi mwa mtu mmoja. Jando na unyago vina sehemu zisizotakiwa kuonwa na wasiopitia, na faili huenda WhatsApp kabla mpiga picha hajafika nyumbani. Kabla ya kurekodi, kubalianeni na makungwi na wazee nini kisirekodiwe, na nani atashika kadi jioni.

Kwa kanda zilizopo tayari, muda ni mfupi. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walianzisha mradi wa kutahadharisha kuhusu kanda za sumaku, na sababu kubwa ni kuadimika kwa mashine za kuzichezea: Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha Julai 2016. Anza na zilizo za pekee, masimulizi ya wazee kabla ya harusi. Yenye ukungu usiicheze, maana itauhamishia kwenye vichwa na kwenye kanda inayofuata. Ikaushe kwanza kwenye chombo chenye vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, kisha ukungu upanguswe, ukiwa umevaa barakoa. Sauti inakiliwe kwa biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde. Kanda ikishanakiliwa isitupwe. Kwenye kaseti vunja vile vidole viwili vya plastiki vya juu, na kwenye MiniDV sogeza kitelezi cha mgongoni kwenda upande ulioandikwa SAVE, mtu asije kurekodi juu yake.